Kulilaza gari kipupwe kizima Dodoma

Kila nikikaribia kusafiri, hakosi mtu wa kuniambia: mwachie kijana ufunguo wa gari, awe analiwasha kila Jumamosi. Jirani anasema, shemeji anasema, hata muuza maji anayepita na baiskeli anasema. Mwaka wa kwanza niliwasikiliza. Ushauri huo ulinigharimu bomba la moshi na betri kwa mpigo mmoja.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX, toleo la KE70 la mwaka 1983, la marehemu baba. Injini ya 4K, kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, hakuna kompyuta humo ndani. Mimi ni mpima barabara, na barabara hujengwa kiangazi. Kwa hiyo kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Novemba niko porini, na Corolla linabaki Nkuhungu kwa mama. Kipupwe chote linalala, na joto la Oktoba linalikuta palepale. Huko Ulaya wenye magari ya kutunzwa huyafungia ndani wakati wa baridi, wakiogopa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hapa Dodoma balaa letu ni upepo, vumbi, jua na panya.

Turudi kwa kijana wa Jumamosi. Petroli ikiungua hutoa moshi wenye mvuke wa maji. Gari likienda safari ya maana, kila kitu hupata joto na mvuke hutoka nje. Ukiliwasha dakika tano ukalizima, mvuke hugeuka maji ndani ya bomba la moshi, na mengine huingia kwenye oili. Bomba huoza kuanzia ndani, huku nje linang'aa. Betri nayo, stata huichota umeme mwingi kwa sekunde chache, na dakika tano za kunguruma papo hapo haziurudishi wote. Mpwa wangu, maskini, hakukosa hata Jumamosi moja. Niliporudi bomba lilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Siku hizi ama gari litoke liende hadi Chamwino na kurudi, ama liachwe kabisa. Mimi naliacha.

Wiki ya mwisho ya Mei nabadilisha oili hata kama kilomita hazijafika, maana oili iliyotumika ina asidi, na miezi sita ni mingi kwa asidi kukaa inalamba vyuma. Nalipeleka mwendo lipate joto, nikirudi najaza tangi mpaka juu, kwa sababu tangi la chuma lenye nafasi tupu hukusanya unyevu na kupata kutu. Likishapoa nachomoa mpira wa petroli unaotoka kwenye tangi, naziba mdomo wake, kisha naiwasha injini iachwe hadi izimike yenyewe. Hapo kabureta imebaki tupu. Petroli ikikaukia ndani yake huacha gundi inayoziba vitundu vidogo, na kuisafisha ni kazi ya siku nzima. Kazi yote hii ya petroli ifanyie nje, mbali na jiko la mama.

Betri naitoa. Waya wa hasi kwanza, chanya baadaye, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Inakaa kwenye shubaka la stoo. Mpwa sasa ana kazi moja tu: kila mwezi aipime, na ikishuka chini ya volti 12.4 aichaji hadi ifike 12.6 hivi. Betri ya asidi ikiachwa na chaji ndogo muda mrefu hufanya ukoko ndani, na ikifika hapo hata chaja ya fundi haiirudishi.

Hendibreki usivute. Mimi nilivuta, na breki za nyuma zikang'ang'ania ngoma zake. Weka gia ya kwanza na mawe mawili, inatosha. Tairi ziongeze upepo, maana gari likisimama miezi sita tairi hubonyea upande wa chini. Fundi mmoja aliniambia niweke mbao chini ya tairi zisiguse udongo. Mbao! Dodoma! Niliporudi mchwa walikuwa wamezimaliza na kuanza kupanda rimu kwa vijia vyao vya udongo. Sasa naweka vitalu vya zege.

Turubai la plastiki nalo silitaki. Upepo wa Julai hulipiga usiku kucha, na vumbi lililonasa chini yake husugua rangi kama msasa. Naosha gari, nalikausha, nalifunika kwa shuka za zamani za pamba, na juu yake kava la kitambaa lililofungwa kamba. Vumbi likiingia hata hivyo, usilifute kavu. Mwaga maji kwanza.

Kuhusu panya nilichelewa kuelewa. Nilinunua sumu, nilinunua mitego, kumbe shida ilikuwa magunia ya mama ya alizeti na karanga, hatua nne kutoka kwenye boneti. Panya walikula upande wa magunia wakalala upande wa gari, ndani ya chujio la hewa, wakapata na waya za kunoa meno. Kumwambia mama ahamishe magunia ilinichukua mwaka mzima, na yeye akajibu kwa kuleta paka. Paka kafanya kazi, siwezi kumnyima haki yake, ila analala juu ya paa la gari. Bomba la moshi na mdomo wa chujio naviziba kwa wavu wa chuma, kisha nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani nisije nikasahau kuvitoa.

Jambo moja la kufurahia: tangu mwaka 2017 ada ya gari ya kila mwaka ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo likilala halidaiwi.

Novemba nikirudi siwashi kwa haraka. Navua nyavu, naangalia waya na mipira yote, narudisha mpira wa petroli na betri, kisha nachomoa waya wa koili ili injini isiwake, nizungushe stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo narudisha waya na kuwasha. Breki nazijaribu uani kabla sijaona lami. Mwisho nanunua mipira mipya ya vaipa, kwa sababu jua la Oktoba huikausha ikawa kama ganda la mbuyu. Mwaka ule wa kwanza niliidharau, mvua ya Desemba ikanikuta njiani, nikaendesha kutoka Kisasa hadi Nkuhungu kichwa kikiwa nje ya dirisha.