Igizo la familia: mwacheni Nyaminyami akasirike

Nimekuwa nikiandaa maigizo ya wazazi na watoto wao, na naweza kusema kinachoua igizo la mazingira ni yule mhusika anayesimama katikati ya jukwaa na kutangaza, "Tutunze miti!" Watoto wanaanza kupiga miayo, baba zao wanatoa simu. Ndiyo maana napenda visasili, zile hadithi za kale za miungu na viumbe wa ajabu: havihubiri. Ndani yake kuna anayetaka kitu na kuna anayemzuia, basi.

Mchukueni Nyaminyami, joka wa mto Zambezi mwenye kichwa cha samaki. Watonga, watu wa bonde la mto huo, wanasimulia kwamba ukuta wa bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ulipojengwa, miaka ya 1950, ulimtenga na mkewe. Mafuriko ya 1957 na 1958 yalipovuruga ujenzi, walijua ni hasira zake. Wao wenyewe walihamishwa, watu wapatao 57,000. Mapenzi yapo, hasira ipo, familia zinazofungasha mizigo zipo; somo la nini tena?

Sisi tulimshona kwa mashuka makuukuu, watu wazima wawili kichwani, watoto wamejipanga ndani hadi mkiani. Joka akifika ukutani kichwa kinasimama ghafla, mkia bado unakuja, watoto wanagongana mle ndani. Ukumbi mzima hucheka. Kisha anaanza kumwita mkewe, na kicheko kinakatika. Msiharakishe hapo. Mwacheni aite hadi watu waanze kujisogezasogeza vitini.

Semeni pia kisa ni cha akina nani. Kumchanganya Nyaminyami na Oshun, mungu wa kike wa mto wa Wayoruba wa Afrika Magharibi, eti kwa kuwa wote ni wa majini ni uvivu tu.

Kama hamjawahi kuigiza, anzeni na kidogo. Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye mti ulikatwa, na kijito alichokuwa akichezea kikakauka. Mnahitaji mama, binti na mti. Mti mpeni babu asiyetaka kukariri maneno, ila awe na kiti karibu.

Maleba yatoke kabatini na kwenye makopo yaliyokwisha kutumika. Nimewahi kutazama igizo la kupinga plastiki lililopambwa kwa maua mapya ya plastiki. Aliyelibaini alikuwa mtoto wa safu ya mbele, na hakunong'ona.