Hospitali ya Wazazi ni ya Nani? Maswali Yenu Wiki Hii

*Kwa nini Nairobi haileti vitanda vya wazazi pale Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa? (Mikindani)*

Kwa sababu si ya Nairobi. Tangu ugatuzi wa 2013, Hospitali Kuu ya Pwani iko chini ya Kaunti ya Mombasa, ijapokuwa wazazi huletwa hapo kutoka kila upande wa Pwani, Kwale mpaka Lamu. Serikali kuu ilibaki na hospitali za kitaifa kama Kenyatta na ile ya Moi, Eldoret. Kila mkilaumu Nairobi, waziri wa afya wa kaunti anapumua. Wala gavana si mwenyewe, amekabidhiwa tu.

*Pesa tunazolipa dirishani huenda wapi? (Likoni)*

Hili ndilo swali ninalotaka mniulize kila wiki. Zamani mapato yaliingia hazina ya kaunti, hospitali ikakaa kusubiri mgao. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inataka pesa zibaki hospitalini na zitumike pale pale. Basi mzazi mwenye uchungu akitumwa duka la nje kununua glavu na pamba, nendeni kwa msimamizi mkamuulize mapato ya mwezi uliopita yalinunua nini. Tena msitume pesa kwa simu ya mhudumu, hata awaambie mashine imeharibika. Lipa dirishani, chukua risiti, ihifadhi ndani ya kijitabu cha kliniki. Pesa isiyo na risiti mkaguzi haioni.

*Bodi ya hospitali tunaipigia kura? (Kisauni)*

La. Huteuliwa na kaunti. Ulizeni majina yao, na nani anawakilisha akina mama.

*Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bila malipo, si bado ni bure? (wengi mno)*

Jamani, nimelijibu tena na tena. La. Mpango huo ulikuwa chini ya NHIF, bima ya afya ya zamani, nayo imekwisha; tangu Oktoba 2024 ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Jisajilini na mlipe mchango mapema. Nanyi waume mnaoniandikia mke akiwa leba: mlikuwa na miezi tisa.

*Wamemzuia mke wangu na mtoto kwa deni. (Changamwe)*

Ni kinyume cha sheria. Mahakama Kuu iliamua hivyo 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya wazazi ya Nairobi. Deni lidaiwe kama madeni mengine.

*Mtu wa kawaida anaweza kudai hesabu za hospitali? (Tudor)*

Anaweza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Andika barua, taja mwaka wa fedha unaoutaka, na usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri. Wakinyamaza, ipeleke nakala hiyo kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Kiutawala.