Faragha katika nyumba ya watu wengi

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga, mjini na pembezoni, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu apate wapi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mahali pa kukaa kimya bila kuguswa? Wengi wenu mmeanza na orodha ya kununua: mito, mapazia, taa za rangi. Tunawaomba muanzie upande wa pili. Kwanza zuia kinachokusumbua, iwe sauti, unyevu au macho ya watu, ndipo upambe. Mto mzuri ndani ya chumba kinachonuka fangasi haujampumzisha mtu bado.

Assalaam alaykum. Naishi Ngamiani, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati, ukoo mzima tumo. Nimetenga kona ya chumba changu, futi sita kwa nne, nisome Kurani na nipumzike. Nimetundika pazia zito, lakini linalosemwa chumba cha pili nalisikia kama nimekaa nao. Nimekosea wapi?
*Mama wa watano, Ngamiani*

Waalaykum salaam, mama. Pazia lako halina kosa. Pazia huzuia macho. Sauti ina njia nyingine. Inua uso utazame juu. Katika nyumba nyingi za aina yako ukuta wa kati hauendi mpaka kwenye bati. Unaishia chini ya kenchi, na hapo juu vyumba vyote sita ni chumba kimoja. Maneno hayapiti ukutani, yanaruka juu yake. Ukiweka mapazia kumi utaendelea kusikia.

Basi kazi iko juu. Seremala apige fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 juu ya ukuta unaokutenga na jirani yako wa ndani, ifuate mteremko wa paa, kisha apigilie bodi za jipsamu pande zote mbili. Bodi ikatwe kufuata mawimbi ya bati, na upenyo utakaobaki uzibwe kwa silikoni. Mafundi wengine hujaza saruji hapo. Kataa: bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na saruji itapasuka kabla ya mwezi kuisha. Katikati ya bodi mbili acha uwazi mtupu. Usikubali kujaziwa vipande vya godoro, kwa sababu sponji hushika moto haraka na nyaya za umeme mara nyingi zinapita huko huko. Ukuta wa nje usiuzibe juu hata kidogo. Joto la bati linatokea huko, na ukilifungia ndani utakuwa umebadilisha kelele kwa tanuri. Kama umepanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kupiga msumari wa kwanza.

Tundu la pili ni chini ya mlango. Upenyo wa sentimita mbili tu unapitisha mazungumzo mazima. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya gari, upana sentimita 5, urefu sawa na mlango, uubane kwa kibao chembamba upande wa ndani hadi mpira uguse sakafu bila kukwaruza. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi ndiyo inayoonyesha nafuu mapema. Ifanye leo, hata kama fundi wa juu atakuja mwakani.

Kuhusu pazia lenyewe: kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa kona, yaani kwa futi sita (karibu mita 1.8) nunua mita 3.6, la sivyo halitakuwa na mikunjo na litaonekana kama shuka lililoanikwa. Lining'inizwe kwenye bomba, si waya wa springi, kwa kuwa waya huo hulegea katikati. Wengine mnapenda kutumia khanga. Khanga moja ina mita 1.5 hivi kwa upande mrefu. Ukiitundika mita mbili kutoka sakafuni itaishia magotini. Ihifadhi kwa foronya za mito.

Godoro la futi tatu kwa sita, unene wa inchi nne, linakutosha, lakini lisilale sakafuni. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, na godoro linalogusa saruji huota fangasi upande wa chini bila wewe kujua. Liinue sentimita 15 juu ya vibao vilivyoachana, na kila wiki lisimamishe ukutani saa moja. Chini tandika zulia la katani. Mkonge umelimwa mkoani mwetu tangu 1893, na kwa kona kavu hatujui zulia la bei hiyo linalodumu kama hilo. Usilioshe kwa maji, likung'ute nje. Taa iwe ya mwanga wa manjano, iliyoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, na isimame chini ya usawa wa macho ukiwa umeketi.

Nina stoo ya zamani nyumbani Raskazone, futi nane kwa kumi, kuta za mawe ya matumbawe. Nimeipaka rangi ya mafuta mara mbili ili iwe chumba changu cha kusomea. Kila baada ya masika rangi inavimba, inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe. Vitabu vinashika kawa. Nipake rangi gani ya tatu?
*Mwalimu, Raskazone*

Mwalimu, hakuna rangi ya tatu. Rangi ya mafuta ndiyo inayokuumiza. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kwa hewa. Ukiufunika kwa rangi isiyopumua, au kwa plasta ya saruji tupu, maji yanakosa pa kutokea, yanasukuma rangi mpaka ivimbe. Unga mweupe ni chumvi: maji yamekauka, yenyewe imebaki.

Lakini hakikisha kwanza. Bandika kipande cha nailoni safi, futi moja kwa futi moja, kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Majimaji yakionekana nyuma ya nailoni, yametoka ukutani. Yakiwa upande wako, ni mvuke wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni dirisha, wala huhitaji kubomoa kitu.

Kama ni ukuta, anzia nje. Udongo wa bustani umepanda juu ya usawa wa sakafu yako? Uchimbwe ushuke angalau sentimita 15 chini yake, na kando ya ukuta tandaza ukanda wa kokoto wa nusu mita. Maji ya paa yasidondoke mguuni pa ukuta; weka mfereji, yaelekezwe mbali. Chunguza na bomba la bafu lililo karibu. Ukipiga plasta mpya huku maji bado yanaingia, unatupa fedha.

Ndani, bandua rangi na plasta hadi nusu mita juu ya mstari wa mwisho wa unyevu. Chumvi ipigwe brashi kavu, ifagiwe, itupwe mbali. Watu huiosha, nayo inayeyuka na kurudi ukutani. Acha ukuta wazi kadiri utakavyovumilia. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndio wakati mzuri. Kisha plasta ya chokaa: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mtoni. Tunarudia: wa mtoni. Mchanga wa pwani uko karibu na ni wa bure, na kila punje yake imebeba chumvi ile ile uliyotoka kuifagia. Chokaa iloweke usiku kucha. Lowesha ukuta, piga tabaka la sentimita moja, subiri wiki, piga la pili. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku nne au tano, maana chokaa iliyokauka haraka hupasuka. Vaa glavu na miwani, na watoto wasisogee: chokaa mbichi huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Likitokea hilo, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali.

Rangi ya mwisho ni chokaa hiyo hiyo, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi utaonekana kama maji tu na utatamani kuongeza uzito. Usiongeze. Hung'aa ikikauka, na ikipakwa nzito hubanduka kama magamba.

Ngoja wiki nne ndipo uingize vitabu. Kabati likae sentimita 10 kutoka ukutani, lisiwe na mgongo wa mbao nzima. Na tafadhali toboa tundu la hewa juu, upande ulio mkabala na dirisha. Stoo ilijengwa kutunza vitu. Sasa inatunza mtu anayepumua.

Wanangu, nimestaafu, naishi Pongwe. Uani kuna mnazi, mwembe na mwarobaini. Nataka kibanda cha makuti cha kukaa peke yangu alasiri. Kiwe wapi, na makuti mangapi?
*Babu wa Pongwe*

Shikamoo, mzee wetu. Chini ya mnazi hapana kabisa, nazi moja ikidondoka inaua. Chini ya mwembe utasumbuliwa na maembe, utomvu na inzi wa msimu. Mwarobaini una kivuli na hauna kitu kizito cha kuangusha. Kaa hapo, lakini nguzo ziwe mbali na shina kwa mita mbili, mizizi isizisukume.

Nguzo nne, mita 2.5 kila upande, zizame sentimita 60. Boriti za mikandaa, aina ya mikoko, ni imara, ila mikoko ni misitu ya hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa, hivyo muuzaji akuonyeshe karatasi. Kama hana, chukua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, mchwa wa uani hawachagui. Zege la chini limalizwe kwa mgongo unaoteremka. Zege lililobonyea kama sahani hukusanya maji, na nguzo huoza pale pale usawa wa ardhi.

Paa liinuke nyuzi 45. Vibanda vingi vinavuja si kwa sababu ya makuti mabovu bali kwa ulalo: maji yasipokimbia hupenya. Nunua makuti ya viungo, hayo yaliyoshonewa kwenye ufito. Ya kumba, yaliyosukwa, ni ya uzio. Kila mteremko ukiwa na urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 3.2, na ukipanga mistari kwa sentimita 12, utapata mistari 20. Kila mstari unahitaji makuti manne ya urefu wa kawaida wa sentimita 90 hivi. Hiyo ni 80 kwa upande, 160 kwa paa. Nunua 180, mgongo wa paa unakula. Fundi akikuambia aachanishe mistari ili makuti yabaki, mkatalie.

Magharibi ziba kwa kumba, jua la alasiri linaingia upande huo mwaka mzima. Upande wa jirani kumba iwe na kimo cha mita 1.7. Kusini-mashariki na kaskazini-mashariki acha wazi, kusi na kaskazi zipite. Kitako cha baraza kiwe sentimita 47 kutoka chini, juu kidogo ya kawaida, ili magoti yasigombane nawe wakati wa kunyanyuka. Kina sentimita 60 kwa kukaa, 75 ukitaka kujinyoosha. Jiko na chetezo visiingie humo.

Napenda kufukiza udi chumbani usiku kisha nilale milango imefungwa. Kuna ubaya?
*Bi harusi mpya, Chumbageni*

Upo, dada, na ni mkubwa. Ubaya ni makaa kuliko udi: kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Fukiza saa moja kabla ya kulala, dirisha likiwa wazi, kisha utoe chetezo nje kabisa, hata kama makaa yameshika majivu. Harufu itabaki kwenye mashuka. Usiku weka asumini au kilua kwenye sahani.

Namuuguza mama mkwe, Makorora, vyumba viwili tu. Sina kona, sina fedha ya fundi. Natamani nusu saa.
*Mchovu*

Dada yetu, pole sana. Nusu saa hiyo ni haki yako, na haihitaji fundi.

Usiende barazani mbele. Kila apitaye atakusalimu, nawe utaitikia, utaulizwa hali ya mgonjwa, na mapumziko yataisha hivyo. Kaa uani, kiti kielekee ukutani, mgongo kwa mlango. Wenyeji huelewa ishara hiyo. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya mgonjwa kula na kubadilishwa, umwambie mumeo au binti mkubwa kwamba saa hiyo zamu ni yake, si msaada. Simu yako aishike yeye.

Kinachokuchosha hata ukiwa umekaa ni kusikiliza: sikio linabaki chumbani likingoja kuitwa. Lipumzishe kwa kumpa mama kitu cha kupigia. Kopo la maziwa lenye vijiwe vitatu na mdomo uliofungwa kwa kitambaa linasikika hadi uani. Lifunge kwa kamba fupi kwenye ubavu wa kitanda, upande wa mkono wake wenye nguvu, na mjaribu pamoja mara mbili kabla hujatoka.