Unapiga mikanda mingapi ya filamu kwa mwezi? Hesabu kwanza, ndipo ununue dawa

Anayetaka kuanza kusafisha filamu nyumbani kwa kawaida huuliza dawa ipi ni nzuri. Lakini swali la kuanzia ni mikanda mingapi unaimaliza kwa mwezi: ile unayoipiga kweli, si ile unayotamani kuipiga. Dawa ya kusafishia haimalizwi na kazi peke yake. Hewa huila ikiwa imetulia chupani, na joto la pwani huharakisha mambo. Mtu wa mkanda mmoja kwa mwezi akinunua dawa ya mtu wa mikanda kumi, nyingi ataimwaga, au ataitumia ikiwa imeshakufa na kutoa mkanda mweupe pe, usio na hata namba pembeni.

Hapa nazungumzia nyeusi na nyeupe. Rangi nitaigusa baadaye.

Tukubaliane kipimo. Mkanda wa milimita 35 wenye picha 36 una eneo karibu sawa na mkanda wa 120 (filamu pana zaidi), hata kama wa 120 unatoa picha 12 tu za sentimita 6 kwa 6. Dawa inachoka kwa eneo la filamu, si kwa idadi ya picha. Kinachotofautiana ni ujazo wa tangi, chombo kisichopitisha mwanga ambamo filamu husafishwa: tangi za plastiki za Paterson zinahitaji mililita 290 kwa mkanda mmoja wa 35 na mililita 500 kwa mmoja wa 120. Namba hizo zimeandikwa chini ya tangi lenyewe. Mimi nazungusha hadi 300 kwa wa 35, maana dawa ikipungua kidogo ukingo wa juu wa filamu hubaki hafifu.

Ukipiga mkanda mmoja au miwili kwa mwezi, nunua dawa ya maji iliyokolezwa, unayoipima kidogo, unaitumia mara moja na kuimwaga. Rodinal, iliyoanza kuuzwa mwaka 1891 na ambayo leo utaikuta pia kwa jina la R09, ndiyo mfalme wa uvumilivu. Chupa iliyofunguliwa hukaa miaka. Hubadilika rangi hadi kuwa kama kahawa na bado hufanya kazi. Kwa 1+50, yaani sehemu moja ya dawa kwa 50 za maji, mililita 300 zinahitaji mililita 6 tu za dawa, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ni mikanda zaidi ya 80. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa jagi, kwani kosa la mililita 2 hapa ni theluthi nzima ya dawa. Wengine huvutiwa na 1+100 ili kubana matumizi. Katika tangi la mililita 300 hiyo ni mililita 3 tu, na sehemu zilizopigwa na mwanga mwingi zitakosa nguvu. Usishuke chini ya mililita 5 kwa mkanda. Ukitaka 1+100, tumia tangi la mililita 500 au zaidi hata kama ndani kuna mkanda mmoja.

Ubaya wa Rodinal ni kwamba huonyesha chembe za picha waziwazi. Kwa filamu ya milimita 35 ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) naona imezidi. Kwa filamu ya Ilford FP4 Plus ya ISO 125 inapendeza sana: dakika 15 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, 1+50.

Wa mikanda mitatu hadi sita kwa mwezi ndiye anayefaidi unga. ID-11 ya Ilford na D-76 ya Kodak, ambazo kwa tabia ni ndugu, zinapatikana kwa pakiti za lita 1. Koroga pakiti yote kwa mara moja. Usichote nusu ukahifadhi nusu, kwa sababu unga wa ndani una dawa kadhaa zilizojitenga safarini, na nusu yako inaweza kukosa kitu muhimu. Ukiitumia 1+1, yaani mililita 150 za dawa na 150 za maji kwa mkanda, lita moja inakupa mikanda sita. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye ID-11 1+1 ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Dawa iliyokorogwa hukaa takriban miezi sita chupa ikiwa imejaa na kufungwa vizuri, lakini ikifika nusu chupa hesabu mwezi mmoja. Njia ya kuikinga ni rahisi: igawe kwenye chupa ndogo za mililita 150 hadi 300 zinazojaa hadi shingoni, au tumbukiza gololi za kioo kila ukimimina ili dawa ipande hadi juu na hewa ikose nafasi.

Zaidi ya mikanda kumi kwa mwezi, tena kila mwezi, mfumo wa kuongezea ndio wenye akili. XTOL ya Kodak inaukubali vizuri. Unakoroga pakiti ya lita 5, unatenga lita 2 ziwe dawa ya kazi, na lita 3 zinabaki kuwa akiba. Kila mkanda mmoja ukisafishwa, mililita 70 za akiba zinaingia kwenye chupa ya kazi, kisha unarudishia dawa iliyotoka tangini hadi chupa ijae, na inayobaki unaimwaga. Lita 3 za akiba ni zaidi ya mikanda 40. Lakini mfumo huu unataka mtiririko. Ukikaa wiki sita bila kusafisha, dawa ya kazi inazeeka, na XTOL hufa bila kubadilika rangi.

Ndiyo maana kuna jaribio ambalo lisikose kwa dawa yoyote iliyokaa. Kata ulimi wa filamu, ule uliokwisha kupigwa na mwanga wakati wa kupakia kamera, uchovye nusu kwenye dawa mwanga ukiwa umewaka. Ndani ya dakika chache nusu hiyo inatakiwa iwe nyeusi. Ikiwa ya kijivu, usihatarishe mkanda wako. Kipande hicho hicho kipeleke kwenye fiksa, dawa ya pili inayoifanya filamu isiathiriwe tena na mwanga, na uhesabu sekunde hadi sehemu isiyochovywa iwe angavu kama kioo. Muda wa kufiksi ni angalau mara mbili ya hizo sekunde. Fiksa ikianza kuchukua mara mbili ya muda iliochukua ilipokuwa mpya, imekwisha. Ilford Rapid Fixer iliyochanganywa 1+4 hukadiriwa mikanda 24 kwa lita. Chora kistari kwenye chupa kila mkanda unapopita, usitegemee kumbukumbu. Filamu za T-Max na Delta huichosha mapema zaidi. Mkanda ukitoka na mawingu ya maziwa, umefiksiwa nusu: urudishe kwenye fiksa mpya na utapona, hata kama umeshauanika.

Sasa joto, kwa sababu majedwali yote yameandikwa kwa nyuzi 20 na maji ya bomba Dar es Salaam au Mombasa hayafiki huko. Kushusha dawa hadi 20 si kazi. Kazi ni kuizuia isipande ndani ya dakika 13 chumba kikiwa na nyuzi 30. Ushauri wangu: fanya kazi kwa nyuzi 24. Weka dawa zote, maji ya kusuuza yakiwemo, kwenye beseni la maji lenye chupa ya barafu iliyofungwa, na tangi lirudi humo kila baada ya kupinduliwa. Kila nyuzi moja juu ya 20 hupunguza muda kwa karibu asilimia 10 ya ule uliobaki, hivyo dakika 13 zinakuwa karibu 9, na 15 zinakuwa karibu 10. Anzia hapo, kisha rekebisha kwa macho yako. Muda usishuke chini ya dakika 5: wakati wa kumimina unakuwa sehemu kubwa ya kazi na mbingu kwenye picha hutoka na michirizi. Ndiyo sababu dawa ya HC-110 kwa 1+31, ambayo husafisha HP5 kwa dakika 5 kwa nyuzi 20, siipendekezi kwa nchi ya joto, ingawa nayo hukaa sana chupani.

Kutikisa: pindua tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na uligonge kila mara ili mapovu yaachie. Povu lililong'ang'ania huacha duara hafifu kwenye negativi, na hilo halirekebishiki.

Je, usubiri mikanda mingapi ndipo usafishe? Miwili ya aina moja, katika tangi la mililita 600, ni kipimo kizuri. Zaidi ya minne kwa kikao kimoja, jasho linaanza kuharibu. Mikono ndani ya mfuko wa giza, unamopakilia filamu kwenye tangi, hutoa mvuke, na filamu inanata kwenye spuli ya plastiki inayoizungushia. Ikigoma kuingia, usilazimishe. Weka kila kitu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono, ikauke, uanze upya. Spuli iliyotoka majini isitumike tena hadi ikauke kabisa. Kikausha nywele kinasaidia.

Usilimbikize kupita kiasi pia. Mpiga picha Mmarekani Garry Winogrand alipofariki mwaka 1984 aliacha takriban mikanda 2,500 ambayo haijasafishwa. Picha iliyopigwa lakini haijasafishwa hufifia polepole, na filamu ya Pan F Plus inajulikana kwa hilo: Ilford inashauri isafishwe ndani ya miezi mitatu. Na mkanda wa kwanza wa kamera iliyotumika, usafishe peke yake na mapema. Kama kamera inavujisha mwanga, uharibike mkanda mmoja, si mitano.

Kwa rangi, hesabu inageuka. Dawa za C-41 (mfumo wa kusafisha filamu za rangi) za lita 1 nyingi hukadiriwa mikanda 8, na zikishakorogwa hudumu wiki chache tu. Hapo subiri hadi mikanda minane iwe mkononi, ikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, kisha koroga na uisafishe ndani ya siku chache. Joto ni nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kusafishia, na haivumilii kubahatisha.

Maji hayahitajiki mengi kama watu wanavyodhani. Kwa njia ya Ilford, unajaza tangi na kupindua mara 5, unamwaga; unajaza, mara 10, unamwaga; unajaza, mara 20. Kwa mkanda mmoja wa 35 ni chini ya lita moja. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa hatua hizo zote tatu, lakini suuza la mwisho liwe la maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, pamoja na matone machache ya Photo-Flo au Ilfotol, dawa zinazofanya maji yateleze bila kuacha matone. Bila hivyo chumvi itakauka juu ya negativi na kuacha madoa meupe. Anika bafuni, mlango ukiwa umefungwa, kibanio kimoja juu na kingine chini ili usijikunje. Fiksa iliyokwisha ina madini ya fedha. Isimwagwe karibu na kisima. Mkanda ukikauka, kata vipande vya picha sita sita na uandike tarehe, dawa na joto kwenye mfuko wake siku hiyo hiyo.