Shangazi, mume wangu anataka Disney wiki nzima, mimi nataka kulala

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 3. Kwa miaka kadhaa mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka akiba ya likizo moja kubwa ya familia. Sasa imetosha, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Yeye ameshaamua moyoni: Walt Disney World, zile bustani za burudani kule Florida, siku saba, kila siku bustanini. Anasema ni kwa ajili ya watoto. Mimi naona tunalipa fedha nyingi ili tukasimame kwenye foleni juani. Mdogo hatakumbuka chochote. Wa kati anaogopa giza na makelele. Mkubwa alipoulizwa alijibu, "Nyie amueni tu." Halafu nani atapanga, nani atafunga mizigo, nani atambeba mtoto akilala? Mimi ningependa mahali penye maji na utulivu, tuamke tunapotaka. Wifi yangu, ambaye alishawapeleka wanawe, anasema nawanyima watoto utoto wao. Rafiki yangu naye alikwenda, akarudi akiapa hakanyagi tena. Mume wangu utotoni hakupelekwa popote. Nikimpinga ananyamaza siku mbili. Wakati mwingine naona nina watoto wanne. Nikikubali nitanung'unika safari nzima, nikikataa nitaonekana mbaya. Nifanyeje?

Mama wa Watatu

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hoja yako iliyo dhaifu kuliko zote, ili tuiweke kando. Unasema mdogo hatakumbuka. Huenda ni kweli. Watu wazima wengi, ukiwauliza jambo la kwanza wanalolikumbuka maishani, watakutajia la umri wa miaka mitatu au minne. Ya kabla ya hapo yamefutika. Lakini mtoto huyohuyo hataukumbuka pia ule ufuko wako wenye utulivu, na sikuona mahali ulipoutumia ukweli huo kuupinga ufuko.

Ungetaka kumtumia mdogo kama hoja, ungetaja urefu wake. Kwenye bustani hizi umri si kitu, kitu ni kipimo. Pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, ile treni ya wachimba madini, Seven Dwarfs Mine Train, ambayo ni ya upole, inataka mtoto awe na sentimita 97. Space Mountain, treni ya kuporomoka gizani, inataka 112. TRON, treni nyingine ya kasi, inataka 122. Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida anacheza kwenye 95 hivi, kwa hiyo huenda akakosa hata ile ya kwanza kwa upana wa vidole viwili, na mfanyakazi wa mlangoni habembelezeki hata mtoto akigaragara chini. Wa miaka saba naye huenda akakwama mbele ya TRON huku dada yake anapita. Sasa piga picha: baba kwenye foleni na mkubwa, wa kati analia kwa kuachwa, mdogo anavua viatu, na wewe umeshika mikoba mitano. Hoja ya namna hii mumeo hawezi kuijibu kwa kunyamaza. Chukua futi ya fundi cherehani, mpime kila mmoja akiwa amesimama ukutani na viatu miguuni, kisha mkae na orodha ya vipimo, ambayo Disney wenyewe wanaitoa.

Na gharama pia inafuata miaka kwa namna ambayo huenda hamjaiangalia. Walt Disney World mtoto asiyetimiza miaka 3 anaingia bure. Wako ametimiza, kwa hiyo analipiwa. Wa miaka 3 hadi 9 tiketi yake inapungua kidogo tu kuliko ya mtu mzima, na kuanzia miaka 10 hana tofauti na wewe. Kwa maana hiyo familia yako mlangoni ni watu wazima watatu na watoto wawili. Bei nayo inapanda na kushuka kwa tarehe, na tarehe ambazo shule zimefungwa ndizo zenye bei kali na watu wengi. Unasema akiba imetosha, na hapo nimeshukuru. Ingekuwa ya mkopo barua yangu ingekuwa na neno moja.

Sasa tuje kwa mumeo.

Umeandika kwamba unaona una watoto wanne, na nimeona umeandika kwa kukereka. Mimi nikakumbuka hadithi ambayo Walt Disney mwenyewe alipenda kuisimulia. Alikuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye farasi wa kuzunguka pale Griffith Park, Los Angeles. Watoto wanazunguka, yeye ameketi kwenye benchi hana la kufanya. Hapo, alisema, ndipo lilipomjia wazo la mahali ambapo mzazi na mtoto wangefurahi pamoja. Disneyland ya California ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. (Siku hiyo ya kwanza, kwa taarifa yako, jua lilikuwa kali hadi lami mpya ikalainika na visigino vya akina mama vikazama, na watu wengi waliingia kwa tiketi za kughushi. Malalamiko yako kuhusu jua na msongamano yana umri sawa na bustani yenyewe.) Kwa hiyo mzazi anayetamani kupanda hajavamia mahali pa watoto. Alikusudiwa awepo tangu mwanzo.

Kosa la mumeo si kutaka. Kosa lake ni kusema ni kwa ajili ya watoto. Hebu fikiria saa tisa alasiri, foleni ya dakika sabini, wa kati ameona mlango una giza na anakataa kuingia. Baba aliyekuja kwa ajili yake mwenyewe atacheka, atasema basi baki na mama. Baba aliyekuja "kwa ajili yenu" atakasirika, maana mtoto ameikataa zawadi. Umeshamsikia mzazi akimwambia mtoto, "Unajua tumelipa kiasi gani kukuleta hapa?" Mtoto hajui, hakuomba, na hawezi kulipa. Nadhani machozi mengi ya rafiki yako yalitoka hapo, ingawa sikuwepo.

Kwa hiyo la kwanza ninalokutuma: muulize mumeo, watoto wakiwa wamelala, bila kejeli, "Wewe unataka kuona nini huko?" Kisha unyamaze umsikilize. Mwanamume ambaye utotoni hakupelekwa popote anaweza kuona haya kusema anataka kupanda treni ile inayoporomoka gizani. Atajificha nyuma ya watoto mpaka mtu ampe ruhusa ya kutoka. Mpe. Likishasemwa waziwazi kwamba safari hii ni ya baba pia, kupanga kunakuwa kwepesi ajabu.

Na wewe nawe utoke ulikojificha. Umenipa sababu nyingi: kumbukumbu, foleni, jua, fedha, woga wa wa kati. Katikati yake umepenyeza swali la nani atapanga, nani atafunga mizigo, nani atambeba mtoto. Mwanangu, hiyo ndiyo barua yako yote. Huichukii Disney, maana hujawahi kufika. Unaogopa kwenda kufanya kazi ileile ya nyumbani, kwa kiingilio. Woga huo una msingi, kwani safari ya Florida ni mradi. Kuna tiketi za tarehe. Kuna meza za migahawa zinazofunguliwa siku 60 kabla. Kuna Lightning Lane, njia ya kulipia ili ufupishe foleni, ambayo inanunuliwa kwenye programu ya simu. Wanaolala hoteli za Disney wanaanza kuchagua siku 7 kabla, wengine siku 3. Mtu anaamka alfajiri kushika simu, na kwenye nyumba nyingi ninazozifahamu mtu huyo ni mama.

Basi sharti lako liwe hilo, na ulitamke kama sharti. Anayeitamani safari ndiye anayeipanga. Simu, tarehe, migahawa, orodha ya vipimo, vyote vyake. Akisema hana muda, mtakuwa mmejua jambo muhimu kabla ya kulipa chochote. Na asubuhi za bustanini mdogo yuko mikononi mwake, si mwako.

Kuhusu siku saba za bustani mfululizo, hapo nipo upande wako bila kigugumizi. Eneo lile lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100, lina bustani kuu nne, na miguu ya mtoto wa miaka mitatu haikuumbwa kwa hayo. Majira ya joto mvua za radi za alasiri ni jambo la kawaida Florida, na radi ikikaribia michezo ya nje inafungwa. Mkiwa na siku saba, tatu za bustani zinatosha, na kila moja ifuatiwe na siku ya kulala na kuogelea. Siku hizo za katikati ni zako. Usikubali ziitwe siku za akiba, maana cha akiba huliwa.

Hata siku za bustani, fikeni mapema na mtoke mchana mdogo akalale. Mumeo na mkubwa wanaweza kurudi jioni. Kama nyote wawili mnataka kupanda kitu ambacho mdogo hakifikii, ulizieni utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anakaa na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni ndefu upya. Disney wanao, na Universal, kampuni nyingine ya bustani za burudani, wanao.

Wa kati nisingemlazimisha hata kidogo. Mchezo kutokuwa na kipimo cha urefu hakumaanishi hauna giza. Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu, haina kipimo, na ni giza tangu mlangoni. Siku hizi kuna video za karibu kila mchezo mtandaoni, kuanzia kuketi hadi kushuka. Mwonyeshe, akiwa nyumbani ameshika mto wake, aseme mwenyewe upi anauweza. Bora zaidi, mpelekeni kwanza kwenye bustani ndogo iliyo karibu kwa nusu siku, muone masikio yake yanavumilia nini.

Binti wa miaka 11 ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, na ndiye uliyemwandikia mstari mmoja. "Nyie amueni tu" si ndiyo. Mtoto mkubwa akiona wazazi wanavutana, hujitoa ili asionekane amechagua upande. Muulize tena akiwa peke yake, na umpe kitu cha kuamua kweli: siku moja ya safari iwe yake, kuanzia saa ya kuamka hadi mchezo wa mwisho. Akisema siku yake ni ya kulala, mumeo avumilie.

Sasa, mwaka huu au baadaye? Ningekuwa mimi ningesubiri mwaka mmoja, si zaidi. Mdogo atakuwa na minne na huenda amevuka 97. Wa kati atakuwa amepevuka kidogo. Mkubwa atakuwa na 12, bado anakubali kupigwa picha na wazazi wake. Mkisubiri miaka mitatu mtampoteza huyo. Na mwaka huu je? Sehemu ndogo ya akiba iende kwenye maji na utulivu unaoutamani. Si fidia. Na wewe umeweka akiba hiyo.

Kama mumeo hatakubali kusubiri, mkumbushe kwamba bustani za burudani hazianzii wala kuishia Florida. Tivoli iko katikati ya mji wa Copenhagen tangu 1843. Mnaingia saa chache, mnatoka, mnarudi kulala. Efteling ya Uholanzi ilianza 1952 na msitu wa hadithi ambao mtoto mdogo anautembea kwa miguu yake. Legoland ya Billund, Denmark, ya mwaka 1968, imewalenga zaidi watoto wa umri wa wawili wako wadogo. Sikwambii mwende huko. Nasema ubishi wenu umekuwa wa "Disney wiki nzima au sifuri", na kati ya hapo kuna nafasi kubwa.

Jambo moja kuhusu rafiki yako na wifi yako, waliokwenda mahali pamoja wakarudi na habari mbili. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono kwenye maji ya baridi mara mbili: mara moja sekunde 60, mara nyingine sekunde 60 zilezile na 30 zaidi ambazo maji yalipashwa kidogo tu. Walipoulizwa warudie ipi, wengi walichagua ile ndefu, kwa sababu iliishia vizuri zaidi. Muulize rafiki yako siku yake ya mwisho ilikuwaje. Nadhani walikaa bustanini hadi usiku wa manane na kuwahi ndege alfajiri. Yenu isiwe hivyo: siku ya mwisho msiende bustanini kabisa.

Wifi yako hana haja ya kujibiwa. Watoto hawapotezi utoto kwa kukosa tiketi, na yeye analijua hilo, maana kaka yake hakupelekwa popote na bado umemwona anafaa kuzaa naye watatu. Ila mkishaafikiana, mwambieni tarehe baada ya kulipa, si kabla, vinginevyo atataka kuwapangia migahawa.

Shangazi