Nambari 8 katika ripoti yako si ya mchakato wowote

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kwa nini skripti yako ya kufuatilia shughuli za diski inashikilia kwamba mchakato nambari 8 ndio unaoandika usiku kucha, ilhali ps (amri inayoorodhesha michakato) inaonyesha kuwa nambari hiyo ni ya uzi wa kerneli (kiini cha Linux) usiohusika na diski hata kidogo. Mimi pia niliisaka hiyo nambari 8 kwa siku mbili, kwenye seva ya duka moja la jumla hapa Kisumu, hadi nilipouacha muhtasari wa awk (lugha ya kuchambua maandishi) na kuusoma mstari wenyewe jinsi kerneli ilivyoutoa:

jbd2/sda1-8-212 [001] .... 5120.337412: block_rq_issue: 8,0 WS 4096 () 2056320 + 8 [jbd2/sda1-8]

Jina la mchakato hapo ni jbd2/sda1-8, yaani uzi unaotunza jarida (kumbukumbu ya mabadiliko) la ext4, mfumo wa faili wa Linux, na hiyo 8 ni nambari ya ainodi (rekodi ya faili ndani ya mfumo huo) ya jarida lenyewe. Ndiyo maana sisi wawili, tusiotumia mashine moja, tumeangukia tarakimu ile ile. Kitambulisho halisi cha mchakato ni 212. Skripti yangu, na nashuku yako vilevile, ilikata sehemu ya kwanza penye kistariungio na kuchukua kipande cha pili. Kwa mchakato uitwao systemd-journal ungepata neno «journal» mahali pa nambari, na kosa lingejianika lenyewe, lakini jbd2 hutoa nambari inayoaminika.

Kuhesabu safu hakutakuokoa. Jina likiwa na nafasi ndani yake, kama «tmux: server», safu zote husogea, awk husoma zile nukta mahali pa muda na kuzihesabu kuwa sifuri bila kulalamika. Kuhesabu kutoka mwisho ni vivyo hivyo, kwa kuwa jina hurudiwa kwenye mabano. Mimi sasa natumia:

match($0, /-[0-9]+ +\[[0-9]+\]/)

Kilichotangulia RSTART (mahali ambapo match imekuta ulinganifu) ni jina, hata liwe na vistari vingapi. Kinachofuata mabano ndicho cha kugawanya kwa safu.

Ukisharekebisha, usiulaumu jbd2 pia, kwani mara nyingi huandika kwa niaba ya wengine. Pale dukani aliyeusukuma alikuwa programu ya mauzo, iliyoita fsync (agizo la kulazimisha data iandikwe diskini papo hapo) baada ya kila mstari wa logi yake; niliinasa kwa strace, inayoonyesha miito ya programu kwa kerneli: strace -f -e trace=fsync,fdatasync.