Lile begi la kijani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza nilijuaje kwamba biashara ndiyo niliyoumbiwa, maana huko semina wamekwambia usiache kazi ya benki kabla hujaijua dhamira yako. Mimi sikujua lolote. Kiwanda kilitupunguza kazi mwaka 1995, nikachukua kiinua mgongo nikanunua kile kipanya, daladala ndogo, nikakiweka njia ya Mwenge–Posta. Biashara ni hesabu, nimekuambia hivyo tangu uko darasa la pili. Hata daladala jina lake limetoka kwenye dala, sarafu ya shilingi 5.

Hesabu yangu, ile hela ya siku ya mwenye gari, ilikuwa lazima ifike kila jioni; kinachozidi ni cha dereva na konda. Sasa mwanafunzi nauli yake ndogo, na kiti anakalia kilekile. Ndiyo maana wanawaacha vituoni. Nililijua hilo nikalinyamazia, kwa kuwa aliyepanga hesabu ni mimi.

Asubuhi ile ya masika nilikaa mbele na dereva. Kituoni sare zimejaa, zimelowa chepechepe. Konda kaziba mlango kwa mkono. Dereva akanitazama. Nikamwambia, "Twende." Tumeshang'oa ndipo nikaliona kwenye kioo lile begi la kijani alilokushonea bibi yako.

Sikusema simamisha.

Jioni uliniamkia kama kawaida, ukaenda kuanika viatu kando ya jiko la mkaa. Wiki ile nikapunguza hesabu, kwa sharti kila safari wapande wanafunzi sita. Dereva alidhani nimerukwa na akili. Mama yako alidhani hela inayopungua inakwenda kwa mwanamke.

Ndiyo dhamira hiyo? Begi lingekuwa la mtoto wa mwingine, ningepunguza? Nadhani hapana. Lakini wale sita walipanda, wawe wa nani. Tena gari lenyewe niliuza kabla halijarudisha hela yake, kwa hiyo usinifanye mwalimu wako. Biashara ni hesabu.

Habari ya benki, sikuambii uache wala ubaki. Ningekuwa wewe ningengoja Januari, ada ya mtoto ikishalipwa... hapo nimekosea, ruka mstari huo.

Ila na mimi nina swali, miaka yote hii sijakuuliza. Siku ile pale kituoni, uliniona?

Baba yako